NANI ANASHIKA UFUNGUO WA CHUMBA CHA KOMPYUTA?

Somo la vikundi: kwa jumuiya ndogo ndogo, kamati za shule, akina mama na vijana



Katika matembezi yetu ya parokia na shule, kuanzia Njoro na Molo hadi Bahati, Subukia na kule Mogotio, kuna ombi moja tunalolisikia karibu kila mahali: "Tutafutieni kompyuta." Ombi ni zuri. Lakini si mara moja, baada ya chai, mwenyeji wetu ametupeleka kwenye chumba chenye mlango wa chuma, ufunguo ukatafutwa nusu saa nzima, na mlango ulipofunguliwa tukakuta kompyuta nne au tano zimefunikwa vitambaa vya kufumwa kama makochi ya sebuleni. Vumbi lililo juu ya vitambaa lilitueleza zilitumika lini mara ya mwisho.

Kwa hiyo somo la leo halianzi na jinsi ya kupata kompyuta. Linaanza na swali la ufunguo. Tutafuata njia yetu ya siku zote: kuona, kupima, kutenda. Na kwa kuwa si vizuri kuwanyooshea wengine kidole, tutaanza na sisi wenyewe tuliosoma sekondari miaka ya tisini.

1. KUONA: Tulivyokutana na kompyuta

Ilikuwa mwaka 1995. Tulikuwa kidato cha pili katika shule moja ya wavulana na wasichana, mwendo mfupi wa matatu kutoka Nakuru. Wafadhili walileta kompyuta tano zilizokwisha kutumika ng'ambo. Wazazi wakafanya harambee: mlango wa chuma, vyuma vya dirisha, meza ndefu na pazia. Maabara ya sayansi haikuwa na pazia, lakini kompyuta ziliwekewa.

Siku ya kwanza tulipanga mstari nje, tukaambiwa tuvue viatu. Wenye soksi zilizotoboka waliona haya kweli kweli. Ati viatu vinaleta virusi! Tuliamini. Hakuna aliyetueleza kwamba virusi vya kompyuta ni programu iliyoandikwa na mtu, ambayo wakati ule ilisafiri kwenye diski kutoka mashine moja hadi nyingine. Vumbi nalo ni adui wa kweli, maana linaziba feni na mashine inapata joto. Hapa kwetu vumbi si mchezo. Hata jina Nakuru husemwa limetoka kwa neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Lakini soksi hazizuii virusi.

Ndani, mwalimu akasema, "Usiguse kitu mpaka niseme." Skrini zilikuwa nyeusi, maandishi ya kijani. Hapakuwa na picha wala kipanya. Mashine ilitumia MS-DOS, yaani ilikuwa lazima uandike amri kwa herufi, kisha ubonyeze kitufe cha kuingiza. Ukiandika DIR, orodha ya faili inapita mbio. Ukikosea hata nafasi moja, mashine inakuambia kwa Kiingereza kwamba amri yako ni mbaya. Mwenzetu mmoja aliomba msamaha kwa sauti, akidhani amekosa adabu.

Kazi zetu tulizihifadhi kwenye diski laini, flopi. Ile ndogo ya inchi tatu na nusu ilibeba megabaiti 1.44 tu. Simu ya kawaida ya leo yenye gigabaiti 32 ingehitaji flopi zaidi ya 20,000. Tuliandika barua kwa WordPerfect na kufanya hesabu kwa Lotus 1-2-3. Habari za Windows 95, iliyotolewa Marekani mwezi Agosti mwaka ule, tulizisikia kama hadithi. Intaneti nayo ndiyo kwanza ilikuwa ikiingia Kenya.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Kati ya kompyuta tano, tatu ndizo zilizowaka. Darasa lilikuwa na wanafunzi 45, lakini ndani tuliingia 39. Hiyo ni watu 13 kwa kila mashine. Kipindi kilikuwa dakika 40, mara moja kwa wiki. Gawanya: kila mtu alipata dakika tatu. Kwa muhula wa wiki 12 ni dakika 36, hazifiki kipindi kimoja kamili! Na hapo tunasema kama mgao ungekuwa wa haki. Kusema kweli, wavulana wawili watatu wenye nguvu walikalia viti, na wengine tukatazama mabegani mwao muhula mzima. Kwenye ripoti zetu zote iliandikwa kwamba tumesoma kompyuta.

2. Wale sita walioachwa nje

Wasomaji wenye macho wameona: darasa watu 45, ndani 39. Wale sita walikuwa wapi?

Kulikuwa na ada ya kompyuta, shilingi 300 kwa muhula, mbali na karo. Asiyelipa alibaki nje. Mmoja wao alikuwa msichana ambaye jamaa yake walifukuzwa shambani upande wa Molo katika mapigano ya 1992, wakaja kupanga chumba kimoja mjini. Wakubwa wanakumbuka miaka ile, jinsi Askofu wetu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyeongoza jimbo hili kuanzia 1971 hadi 1996, alivyosimama hadharani kuwatetea watu wa aina hiyo. Lakini ndani ya darasa letu hakuna aliyesimama.

Mwalimu alikuwa amechora kibodi kwenye manila na kuibandika ukutani darasani ili tufanye mazoezi ya vidole juu ya dawati. Msichana yule aliijua manila ile kuliko sisi sote. Alifumba macho akataja herufi kwa mstari, kushoto kwenda kulia. Siku za kompyuta alisimama nje ya dirisha, pale pazia lilipoachia mwanya, na tulipokwama alitunong'oneza: "Acha nafasi kwanza, ndipo uandike jina." Tulifuata maneno yake, mashine ikakubali, mwalimu akatusifu sisi.

Hatukuwahi kusema, "Mwalimu, mwacheni aingie." Tulihofia zamu zetu zitapungua. Juzi tulipokuwa tukiandaa somo hili tulirudia ile hesabu. Kama wote 45 wangeingia, kila mashine ingekuwa na watu 15, na kila mtu angepata dakika mbili na sekunde 40. Sisi tuliobaki ndani tulipata dakika tatu na sekunde tano. Kwa hiyo, kwa kuwaacha wale sita nje, kila mmoja wetu alifaidika sekunde 25.

Tulikutana naye tena mwaka 2023, katika saiba moja mjini, akiwa na mwanawe aliyemaliza kidato cha nne. Alikuwa amesimama nyuma ya kijana wa saiba, bahasha ya stakabadhi mkononi, akitazama begani mwake. Tulisalimiana kwa furaha. Tukamwuliza kwa nini hajazi fomu mwenyewe, kwani tunakumbuka alikuwa hodari. Akacheka kidogo, akasema: "Mimi nilisoma kompyuta ya manila. Ile ya kweli ilikuwa yenu."

Hatukuwa na jibu.

Mambo hayakuishia hapo. Aliyejaza fomu ile aliweka nambari ya simu yake mwenyewe na anwani ya barua pepe aliyoifungua yeye, akabaki na neno la siri. Ulipofika wakati wa kuomba mkopo wa masomo, nambari za kuthibitisha zikatumwa kwa simu ya yule kijana, naye alikuwa ameacha kazi na kuhama. Mama huyu alipanda na kushuka ofisi hii na ile wiki tatu, nauli na siku za kibarua zikipotea, mpaka jambo lilipotengenezwa siku chache kabla ya muda kufungwa. Angechelewa kidogo, mtoto angekosa.

3. Shule yetu haikuwa peke yake

Tusije tukadhani hili lilikuwa kosa la mwalimu mmoja. Tutazame nchi nzima.

Aga Khan Foundation ilianza mradi wa kompyuta shuleni Nairobi mwaka 1983. Kwa miaka mingi baadaye, kompyuta zilibaki mambo ya shule chache zenye uwezo. Kwa mtoto wa kawaida wa Nakuru, njia ilikuwa kumaliza kidato cha nne, kisha kulipia kozi ya wiki chache katika vyuo vidogo vya ghorofani mjini. Kizuizi kikubwa kilikuwa stima: shule nyingi za mashambani hazikuwa nayo kabisa.

Mwaka 2002 lilianzishwa shirika la Computers for Schools Kenya, ambalo lilitengeneza kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni. Katikati ya miaka ya 2000, katika mpango wa NEPAD wa shule za elektroniki, shule sita za Kenya zilichaguliwa, na Menengai High School hapa kwetu ilikuwa mojawapo. Kisha mwaka 2013 ikaja ahadi ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza, na mwaka 2016 vishikwambi vikaanza kufika shule za msingi. Katika mtaala wa umilisi ulioanza nchini kote mwaka 2019, ujuzi wa kidijitali ni mmoja wa umilisi saba wa msingi, na watoto wanafundishwa kuiita mashine hii tarakilishi.

Haya ni maendeleo, na tuyashukuru. Lakini hata vishikwambi, katika baadhi ya shule, vilikaa kwenye masanduku ofisini kwa kuogopa wezi, kwa kukosa stima, au kwa sababu mwalimu hakuzoeshwa. Kumbe miaka zaidi ya ishirini ilipita na kufuli ni lile lile.

4. KUPIMA: Kwa nini tunafunga?

Tulipozungumza na walimu na wazee wa kanisa, tulisikia sababu tatu.

Ya kwanza ni hofu ya kuharibu. Tuelewane vizuri: mtu anayejifunza hawezi kuvunja kompyuta kwa kubonyeza herufi. Anaweza kufuta faili, na ndiyo maana tunaweka nakala. Vinavyoharibu mashine ni stima inayopanda na kushuka ghafla, vumbi, chai iliyomwagika, na kung'oa waya kabla ya kuizima vizuri. Hayo yote yana kinga, na hakuna hata moja linalohitaji kufungia watu nje.

Ya pili ni hofu ya wizi. Hofu hii ni ya haki. Mlango wa chuma uwepo na mlinzi awepo. Lakini mlango wa chuma umewekwa ili mwizi asiingie usiku. Mwanafunzi naye azuiwe mchana kwa nini?

Ya tatu ni ngumu kuisema. Ni heshima. Mwenye ufunguo ni mtu mkubwa. Kompyuta ikibaki kitu cha ajabu, anayeijua anabaki mtu wa ajabu. Hapa kila mmoja ajichunguze, na sisi wafanyakazi wa kanisa tukiwa wa kwanza.

Tukumbuke mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo, sura ya 25. Yule mtumishi wa tatu hakuiba. Hakupoteza hata senti. Alificha mali ya bwana wake ardhini kwa sababu aliogopa, akairudisha kamili kama alivyopewa, na bado alilaumiwa. Kompyuta iliyofunikwa kitambaa ni nzima, haijaguswa, na ndiyo lawama yenyewe.

Kuna jambo lingine la kupima. Zamani asiyejua kompyuta alikosa kazi ya ofisi tu. Leo sivyo. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba huduma zaidi ya 5,000 zimewekwa kwenye eCitizen. Nafasi za vyuo kupitia KUCCPS, mikopo ya HELB, cheti cha kuzaliwa, pasipoti: vyote vinapita mtandaoni. Tangu Oktoba 2024 hata bima ya afya ya SHA inataka mtu asajiliwe katika mtandao wa serikali, ingawa kwa hiyo unaweza pia kupiga *147# kwa simu ya kawaida. Asiyeweza kujifanyia mwenyewe anampa mgeni kitambulisho chake, nambari zake na siri zake, na bado anamlipa.

5. KUTENDA: Hatua sita kwa kikundi

Waliopitia mafunzo ya DELTA, yaliyoanza hapa Kenya miaka ya sabini, wanajua kwamba mtu mzima hujifunza kutokana na shida yake mwenyewe, akishika kazi kwa mikono yake. Tunapendekeza hivi:

Kwanza, ufunguo uwe wa kamati. Watu watatu: mwalimu au mzee mmoja, mama mmoja, kijana mmoja. Saa za kufungua zibandikwe mlangoni, na zifuatwe.

Pili, wawili kwa mashine moja. Mmoja ana mikono, mwenzake ana macho. Baada ya nusu saa wanabadilishana. Mfano: mkiwa watu 20 na kompyuta tano, wagawanyeni makundi mawili ya watu kumi. Kila kundi lipate saa moja kwa wiki. Kila mtu ataweka mikono kwenye kibodi dakika 30 kwa wiki, na kwa wiki 12 ni saa sita. Hiyo ni mara kumi ya dakika zile 36 tulizopata sisi, na mashine ni chache vile vile.

Tatu, mwoga ashike kwanza. Mwalimu asimwondolee mtu mkono ili amwonyeshe. Aseme kwa mdomo, mwanafunzi abonyeze. Anayejua zaidi ndiye akae upande wa macho.

Nne, mjifunze kwa kazi ya kweli. Andikeni barua kwa chifu kuhusu maji. Pangeni orodha ya michango ya chama chenu. Jazeni fomu ya mtoto wenu wenyewe. Na hapa tusisitize: nambari ya simu iwe yako, barua pepe iwe yako, na neno la siri na PIN ya M-Pesa usimpe mtu, hata akiwa kijana mzuri wa kanisani.

Tano, mlipie matengenezo bila kumfungia nje asiye nacho. Watu 20 wakitoa shilingi 50 kwa wiki, kila wiki nne mna shilingi 4,000 za stima, karatasi na kifaa cha kusawazisha stima. Asiyeweza kutoa pesa afagie chumba, apanguse vumbi au alinde zamu. Asisimame dirishani.

Sita, kabla ya kupokea msaada, ulizeni. Je, zinawaka? Zina umri gani? Kompyuta nyingi zinazotolewa zinatumia Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuipa kinga ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mnaweza kuwekewa Linux, ambayo ni ya bure na huenda vizuri kwenye mashine za zamani. Zilizokufa msizitupe shimoni wala kuzichoma, kwa sababu zina risasi na sumu nyingine; zipelekeni kwa wanaozishughulikia.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA JUMUIYA

1. Ni nani kati yetu aliwahi kuachwa nje ya dirisha, shuleni au katika mradi wowote? Asimulie, na wengine wasikilize bila kumkatiza.

2. Ni nani kati yetu aliwahi kubaki ndani akanyamaza? Tulihofia kupoteza nini, na kilikuwa kikubwa kiasi gani?

3. Katika shule na parokia yetu kuna vifaa gani vimefungiwa? Tusitaje kompyuta tu: cherehani, vitabu, mashine ya kusaga, hata ukumbi.

4. Nani anashika ufunguo, na alipewa na nani?

5. Kabla ya mkutano ujao, tutafungua mlango gani, siku gani, saa ngapi?

Mwishoni, wasomaji wapendwa, tuwaeleze jambo moja. Yule mwenzetu tulimwalika katika masomo ya Jumamosi katika parokia moja. Mara mbili alisema ana shughuli. Mara ya tatu alikuja, akaketi mwisho wa meza upande wa dirisha. Tulipomwambia ashike kibodi aliuliza kama kuna ada. Alianza pole pole, akitazama vidole, kisha akaacha kuvitazama: herufi bado anazikumbuka kutoka ile manila. Kinachomsumbua ni kipanya, kwa sababu kwenye manila hakikuwapo. Msamaha tulimwomba siku hiyo, tukiwa tumechelewa karibu miaka thelathini. Alisema tuendelee na somo, saa inakwenda.

Vikundi vitakavyojaribu hatua hizi vituandikie vimefika wapi na vimekwama wapi. Mungu awabariki.